Laptopu yenye begi la bure ambayo "si ya kubeba"

Nianze na begi. Nilipofungua boksi la hii laptopu, juu kabisa, kabla hata sijaiona mashine yenyewe, nilikuta begi la mgongoni. Jeusi, gumu, lina nembo ya kampuni mgongoni kama jezi. Zawadi kwa mteja. Nikalivaa, nikajigeuzageuza mbele ya kioo, laptopu ikiwa bado imefungwa kwenye plastiki.

Mwaka na kitu baadaye nimesimama kwenye kaunta ya huduma ya kampuni hiyohiyo, begi hilohilo mgongoni, na fundi wao ananiambia, "Dada, hizi si za kubeba. Hizi zinawekwa mezani zinakaa. Nani alikushauri utembee nayo?"

Nimekaa na hayo maneno muda mrefu. Nimeyaota. Naandika hapa ili yanitoke.

Kwanza mnielewe, sikununua kwa sifa. Kazi yangu ni kuchora nyumba ambazo hazijajengwa. Mteja anakaa mbele ya skrini, anashika mausi, anatembea ndani ya nyumba yake sebule hadi jikoni kama yuko ndani ya gemu, kwa sababu kusema kweli programu inayofanya kazi hiyo ni ileile inayotengenezea gemu. Inataka kadi ya michoro, yaani kile kipande cha kompyuta kinachochora picha za skrini, yenye nguvu. Usiku nikishamaliza ya watu nacheza yangu. Kwa hiyo nilitaka mashine moja ya kazi zote mbili, nitakayokwenda nayo ofisini asubuhi na kurudi nayo jioni. Kila aliyeniuzia maneno aliniambia inchi 18 ndiyo jibu: nguvu ya kompyuta ya mezani, ila unaibeba. "Unaibeba." Hilo neno walilitamka wao.

Haya, tubebe. Mashine yenyewe imepita kilo 3. Hapo bado hujabeba chaja, na chaja yake si chaja mnayoijua. Ni tofali. Niliipima kwenye mizani ya jikoni na waya wake wote, ikapita kilo 1. Na lile begi la zawadi, ukishaingiza laptopu, tofali halina pa kukaa! Upo mfuko wa mbele, ila ukiliweka humo begi linatuna kama mtu mwenye mimba na zipu inakataa kufika mwisho. Nikawa natembea na mfuko wa pembeni kwa ajili ya chaja. Mtu mzima, begi mgongoni, tofali mkononi.

Nilivumilia. Bega lilianza kuuma mwezi wa pili au wa tatu, nikasema litazoea.

Siku iliyoniharibia ilikuwa ya kumwonyesha mteja kazi. Chumba kimejaa, mteja amekuja na mkewe na kaka yake. Tumeingia sebuleni, wamefurahi, shemeji wa mama mwenye nyumba anataka kupanda ngazi aone vyumba vya juu. Tukiwa katikati ya ngazi nikasikia kimya. Wenye mashine hizi mnajua, feni zake kazini zinavuma kama kikaushia nywele, unafika mahali huzisikii tena. Zikinyamaza ghafla ndipo unashtuka. Picha ikaanza kuchechemea. Hatua, inaganda. Hatua, inaganda. Nikatazama pembeni, taa ya chaja imezimika.

Nikasukuma plagi kwa kidole, taa ikawaka, feni zikavuma, ngazi ikapandika. Nikaachia, ikazima. Kumbe tundu la chaja limelegea. Nikamaliza onyesho lote mkono mmoja umeshikilia plagi na mwingine unaendesha mausi, nimejikunja kama anayemziba mtoto pua inayotoka damu. Mteja, kwa upole wote, akauliza, "Na nyumba yenyewe itakuwa inakatikakatika hivi?"

Mtauliza, si ina betri? Ina betri, kubwa tu. Lakini betri za laptopu haziendi mbali kupita wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza, kwa sababu juu ya hapo mashirika ya ndege yanakutaka uombe ruhusa kwanza, kwa hiyo watengenezaji wa mashine kubwa wengi wanaishia 99 na kuacha. Mashine ikinenepa, betri hainenepi nayo. Kadi ya michoro ya hii yangu ikishindiliwa inakula mpaka wati 175, na prosesa nayo ina mdomo wake. Betri haiwezi kutoa umeme mwingi namna hiyo kwa mpigo bila kujiumiza, basi ukichomoa chaja mashine inajibana yenyewe, inashuka, inakuwa ya kuandikia barua. Ile nguvu uliyoilipia haimo ndani ya laptopu. Imo kwenye tofali na kwenye soketi ya ukutani.

Na msiniambie habari ya chaja ndogo ya USB-C, nimejaribu. Yangu inakubali wati 100 tu kwa njia hiyo. Ukifungua kazi nzito unaona asilimia ya betri inashuka huku umechomeka. Inakunywa kwa kijiko na inamwaga kwa ndoo.

Basi nikaenda kwa fundi.

Nimeiweka juu ya kaunta. Akaizungusha, akapiga mluzi kidogo, akasema, "Mashine kubwa. Ya shemeji hii?"

Nikamwambia ni yangu. Akatabasamu lile tabasamu la mtu ambaye hajaamini lakini ana haraka. Akaniuliza kama huwa naitumia "kwa muvi." Nikamjibu huwa naitumia kwa kujengea nyumba, akafikiri nafanya mzaha. Akachukua tochi, akachungulia tundu, akatikisa plagi, ndipo akatoa hukumu yake ya si za kubeba. Tundu limechokonolewa na kuchomeka na kuchomoa kila siku, na waya mzito unaoning'inia ukingoni mwa meza umelivuta chini. Matumizi mabaya. Dhamana haihusiki.

Matumizi mabaya! Kuchomeka chaja!

Nikavua begi taratibu, nikaliweka juu ya kaunta, nembo ikimtazama yeye. Nikamuuliza, "Kaka, kama si ya kubeba, hili mlinipa la nini?"

Akalitazama. Akanitazama. Akasema, "Hilo ni la matangazo."

Sijui niliwezaje kutoka pale bila kupiga kelele. Dada wa mapokezi alikuwa ameinamisha kichwa anacheka ndani ya mkono wake, na nadhani alikuwa upande wangu.

Kuna jambo la maana nililolipata kwa yule fundi, na hili nawapa bure. Kwenye laptopu nyingine tundu la chaja ni kipande chake peke yake, kina kiwaya chake, kikifa unachomoa na kuweka kingine, fundi yeyote anamaliza mchana mmoja. Kwenye nyingine tundu limelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na hapo kidonda cha kidole kinatibiwa kwa kufungua kifua. Yangu ni ya aina ya pili. Ilikaa kwao wiki tatu, kama si nne. Ukienda kununua, wacha kuulizia rangi za taa za kibodi, uliza hilo.

Sasa hizo wiki tatu ndizo zilizonifungua macho, na ndipo hasira yangu ilipoanza kukosa pa kuelekea. Niliazima laptopu ya binamu yangu. Nyembamba, inchi 14, haifiki kilo 2, chaja yake inaingia mfuko wa koti. Kadi yake ya michoro ina jina lilelile la yangu. Nilikuwa nikimcheka. Jina ni moja lakini ulaji si mmoja: chipu hiyohiyo kwenye mwili mnene inapewa wati 175, kwenye mwili mwembamba inapewa 100 au hata chini ya hapo, kwa sababu joto lote hilo halina pa kutokea. Wauzaji wanakutajia jina, ulaji hawakutajii. Kwa hiyo nilijua itashindwa.

Ikashindwa, ndiyo. Nyumba za wateja zilikuwa nzito kidogo, nikapunguza vivuli na vioo vya madirisha. Lakini ofisini sikuona tofauti kubwa. Nikashangaa. Nikakaa nikafikiri, nikajiona mjinga.

Ofisini tunakaa watu sita chumba kimoja. Ile yangu kubwa nikiiachia feni zake, jirani yangu anavaa vipokea sauti na yule wa dirishani anaguna. Kwa hiyo kila siku, tangu wiki ya kwanza, nilikuwa naiweka kwenye hali ya kimya. Na hali ya kimya inafanyaje? Inapunguza wati ili joto lipungue ili feni zitulie. Yaani nilikuwa naibeba mashine nzito, na tofali lake, na bega bovu, nikifika naibana ifanye kazi kama nyembamba. Zaidi ya kilo 4 mgongoni na mkononi nipate kasi ya kilo 2. Karibu mwaka mzima! Kule kwenye nguvu yake kamili ilikuwa inafika usiku tu, nyumbani, juu ya meza yangu, ambako haikuhitaji kubebwa na mtu.

Kwa maneno mengine yule fundi alisema kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko "ya shemeji." Angekuwa mwongo ningelala.

Lakini hapana, nisimwachie kirahisi hivyo. Alisema kweli mtu asiyefaa kuisema. Kampuni inayokuuzia kwa picha ya kijana anayepanda ngazi mbilimbili na laptopu bega moja haina haki ya kukuambia baadaye kwamba bega halikuhusika. Waandike kwenye boksi: hii ni ya kuhamisha, si ya kubeba. Ni vitu viwili. Kubeba ni kila siku, asubuhi na jioni, kwenye gari lililojaa. Kuhamisha ni unatoka chumba hiki unakwenda kile, unasafiri kwa wazazi wiki mbili, unaifunga kwa heshima, unaifungua ukifika, unakaa nayo. Kwa kuhamisha, mashine hii haina mpinzani. Kompyuta ya mezani huwezi kupanda nayo basi ukiwa na skrini na kibodi na kila kitu.

Na nikisema haina mpinzani simaanishi kidogo. Iliporudi niliiwasha usiku, nikavaa vipokea sauti, nikaiachia feni zote. Jamani. Skrini kubwa namna ile, picha inateleza kama mafuta, mvua ya ndani ya gemu unaiona tone kwa tone kwenye kioo cha gari. Nilikaa mpaka alfajiri. Nilisahau fundi, nilisahau begi. Kama ningeandika tathmini hii usiku ule ningewaambia mkanunue.

Asubuhi kibodi bado ilikuwa na uvuguvugu pale kwenye vitufe vya kutembelea, na nikakumbuka ile kauli yake ya matangazo. Hasira ikarudi yote.

Basi mkinibana niseme nunua au usinunue, nawauliza mnakokwenda nayo kuna nini. Kuna soketi? Kuna watu watakaovumilia kelele? Meza inatosha mashine na tofali bila waya kuning'inia? Kama jibu la lolote kati ya hayo ni hapana, chukua nyembamba na uvumilie vivuli vichache, hutajuta. Mimi mwenyewe ningeanza upya leo ningechukua nyembamba. Au ningechukua kompyuta ya mezani na kilaptopu cha kuandikia. Au hiihii. Jana nilikuwa nimeamua kuiuza, nikaisafisha, nikaipiga picha, nikafungua gemu moja nihakikishe mnunuzi hatakuta shida. Picha bado ziko kwenye simu.

Kwa sasa haitoki mezani. Nimeweka betri isijae kupita asilimia 80, maana kukaa kwenye chaja imejaa na joto lile ni kuitafutia uvimbe. Waya nimeupitisha nyuma ya meza na kuufunga ili usivute. Ofisini natumia laptopu yangu ya zamani, na onyesho zito likiwepo mteja anakuja kwangu, anakaa kwenye kiti changu, anapanda ngazi zake mpaka juu bila kuganda.

Kampuni ilinitumia ujumbe niwape nyota kwa huduma niliyopata. Nikampa fundi moja, nikaona namwonea kwa sababu kulehemu alilehemu vizuri, nikapandisha hadi tatu, nikakumbuka "ya shemeji," nikashusha hadi mbili. Mashine nilitaka kuipa nne.

Begi nimempa binamu. Laptopu yake inaogelea humo ndani, na chaja yake ikiwemo.