Matembezi ya familia Mapango ya Amboni: ndimu, mawe matatu na chokaa ya Bibi

Mwezi uliopita mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi tulijiunga na matembezi ya familia kwenye Mapango ya Amboni, yaliyoandaliwa na kikundi cha vijana wa hapa Tanga wanaotaka watoto na wazazi wao wazoee elimu ya miamba. Mchango ulikuwa shilingi 15,000 kwa mtu mzima na 5,000 kwa mtoto, pamoja na usafiri wa basi dogo la kukodi. Kwa kuwa mapango yapo kilomita nane hivi tu kutoka mjini, upande wa barabara iendayo Horohoro, sikuiona bei hiyo kuwa nafuu, na ndiyo maana nimeona niandike kwa ajili ya mzazi anayejiuliza kama fedha yake itakuwa imekwenda mahali pake.

Nianze na lililoniudhi. Tuliambiwa basi lingeondoka saa mbili asubuhi. Liliondoka saa tatu na nusu, na hakuna aliyetuomba radhi.

Hata hivyo, saa ya kwanza baada ya kufika ilinisahaulisha kero hiyo. Badala ya kutuingiza pangoni moja kwa moja, walitukalisha kivulini na kumgawia kila mtoto mawe matatu, msumari na nusu ya ndimu. Jiwe la kwanza lilikuwa la chokaa, la aina ileile iliyofanya mapango. La pili kipande cha tumbawe kavu kilichookotwa ufukweni. La tatu kokoto nyeupe ya mtoni, laini kwa kuishika lakini ngumu kiasi kwamba msumari haukuacha alama. Watoto waliagizwa wakwaruze kila jiwe, kisha wakamulie ndimu juu ya unga uliotoka. Binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, aliinamisha sikio karibu na jiwe la kwanza, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Baba, linachemka." Vipovu vilikuwa vidogo mno, lakini vilionekana, na kwenye tumbawe vilikuwa vingi zaidi. Kokoto ilibaki kimya.

Hapo ndipo maelezo yalipokuja, na yalikuja kwa sababu watoto wenyewe waliyauliza. Mwongozaji alieleza kwamba ndimu ni asidi na kwamba ile hewa inayotoka jiweni ni hewa ya ukaa. Kwamba maji ya mvua nayo huichukua hewa hiyo angani na udongoni, yakawa asidi hafifu, yakapenya kwenye nyufa za mwamba na kuula kidogo kidogo hadi pango likapatikana. Aliongeza kwamba mwamba huu ulifanyika chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita, karibu na zama za dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, ambao mifupa yao ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Mwanangu wa miaka sita hakujali sana habari za Berlin; alitaka kujua samaki walikwenda wapi bahari ilipokauka.

Kisha mwongozaji akawauliza wazee kama kuna aliyewahi kuona chokaa ikichomwa. Mama yangu, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akilalamikia kiti, alizungumza kwa karibu robo saa: jinsi magogo yalivyopangwa duara, matumbawe yakarundikwa juu yake, tanuu likawaka usiku kucha, na lile lundo jeupe likaachwa linyeshewe hadi likalainika kabla ya kujengewa. Kijana hakumkatiza. Alipomaliza, alieleza tu kwamba moto huo uliifukuza ileile hewa ya ukaa jiweni, na kwamba chokaa ikishapigwa ukutani huinyonya tena taratibu hadi ikawa jiwe upya. Nimeishi Tanga maisha yangu yote na sikuwahi kuyajua hayo. Kwa maoni yangu, sehemu hii peke yake ilistahili mchango wote.

Ndani ya pango kiwango kilishuka. Tulikuwa zaidi ya watu arobaini na mwongozaji mmoja. Kofia ngumu hazikutosha, na waliokuwa nyuma penye njia nyembamba hawakusikia neno ila sauti za popo. Tukarudia mazoea ya siku zote ya kuonyeshwa maumbo ya mawe: huyu hapa mamba, ile pale ndege, na hadithi ya kwamba pango linatokea Mombasa, ingawa vipimo vya wataalamu vilionyesha kuwa pango lililo refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Hadithi sina ugomvi nayo, wala wale wanaokuja kuomba kwenye mzimu, ambao waandaaji walituonya vizuri tusiwasumbue. Ila mtoto aliyetoka kuchemsha jiwe kwa ndimu haridhiki kuonyeshwa mamba wa kufikirika.

Jambo moja liliokoa hali. Chini ya mchirizi wa mawe unaoning'inia, ulio na tone la maji kwenye ncha, mwongozaji alitoa rula na kusema kwamba mawe ya namna hiyo kwa kawaida hukua sehemu ya kumi hivi ya milimita kwa mwaka, akawaachia watoto hesabu. Bibi ana miaka 72. Binti yangu alipima kwenye rula, akamwonyesha: "Tangu uzaliwe, Bibi, limeongezeka hapa mpaka hapa," yaani milimita saba. Mama aliitazama rula kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama pango.

Nimeshalipia safari ijayo, baada ya kuwaandikia waandaaji kwamba wagawe watu katika makundi ya watu wasiozidi kumi na watano, na wamejibu kuwa watafanya hivyo. Ukienda, beba tochi yako, wavalishe watoto viatu vyenye soli isiyoteleza, na aliye chini ya miaka mitano mwache nyumbani. Mzee usimwache.