Seti ya taiming cheni yenye reli za chuma kwa injini ya 22R: uzoefu wangu

Taiming cheni ndiyo inayounganisha kranki (shafti kuu ya chini) na kamshafti (shafti ya juu inayofungua valvu). Nianze na hukumu: seti ni nzuri, ila si kila kilichomo kwenye boksi kinastahili kuingia ndani ya injini. Cheni, sproketi (gia zenye meno zinazoishika cheni) na reli zinazoiongoza nimezifunga kama zilivyokuja. Sili ya kranki na gasketi nimeziacha, nikaweka za Toyota. Tenshena, kipande kinachoikaza cheni, ilihitaji kusafishwa kwanza, nitaieleza mbele.

Gari ni Hilux pikapu ya zamani, injini 22R ya kabureta, cc 2366. Anayezijua injini hizi anaujua ugonjwa wake. Za mwanzo zilikuwa na cheni ya mistari miwili; kuanzia 1983 ikaja cheni ya mstari mmoja inayopita kwenye reli za plastiki. Plastiki hiyo ikipikwa na oili ya moto mwaka baada ya mwaka hukauka, ikapasuka, na vipande vikadondokea kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Huwa inatangulia reli iliyo mkabala na tenshena, upande ambao cheni inavuta. Ukisimama mbele ya gari na kutazama injini, ni kulia kwako. Reli ikishaondoka, cheni inalila kava la aluminiamu linaloifunika kwa mbele, na nyuma ya ukuta huo ndipo maji yanapopita. Ukuta ukitoboka, maji yanaingia kwenye oili, na hapo si habari ya cheni tena, ni beringi.

Si lazima ufungue mbele yote ndipo ujue hali yako. Toa kava la valvu, mulika tochi chini kando ya cheni. Reli zote mbili zinaonekana kwa juu; ukiona cheni tu na pengo, jibu umelipata. Mlio wa sekunde moja au mbili injini ikiwaka ya baridi ni wa kawaida, kwa sababu tenshena inasukumwa na presha ya oili na presha haijafika. Ukiendelea baada ya hapo, usiendeshe.

Ndani ya boksi kuna cheni, sproketi mbili, reli mbili, tenshena, bolti zake, gasketi za kava na sili. Kabla ya kuagiza, hakikisha mwaka wa injini, si wa bodi, maana pikapu nyingi zimeshabadilishwa injini. Ukiagiza na kava jipya ndio uangalifu uzidi: la 1983 na 1984 si sawa na la 1985 kuendelea.

Reli ndizo zinazouza seti hii, na kwa haki. Mgongo ni bamba la chuma, juu yake kumegandishwa nailoni ambayo cheni inateleza juu yake. Wapo wanaosema nailoni ikiisha cheni itasaga chuma. Ni kweli, lakini kuisha ni kwa taratibu na utasikia mlio mapema, wakati ya plastiki tupu inakatika yote kwa mpigo. Mimi nachagua kinachochakaa kuliko kinachovunjika. Zilikaa kwenye matundu yake bila kulazimishwa. Nyuzi za bolti nilizipaka gundi ya nyuzi, kwa sababu bolti ya reli ikilegea huko ndani hakuna atakayeiona.

Tenshena sasa. Ibonyeze kwa kidole gumba kabla ya kuifunga: pistoni inapaswa kuzama na kurudi bila kusita. Hii ilikuwa inakwama katikati. Nilipoitoa pistoni nikakuta ukingo wa tundu la oili una vinyweleo vya chuma vilivyobaki baada ya kutobolewa. Msasa laini, petroli, upepo wa kompresa, ikateleza. Kama ingekataa, ningeirudisha bila mjadala. Tenshena inayokwama ni cheni inayoruka meno. Sili ya kranki nayo ilikuwa ngumu mdomoni, haina ulaini wa mpira mzuri, na kuibadilisha baadaye ni kung'oa puli upya. Gasketi za karatasi zilikuwa nyembamba kuliko zilizotoka.

Kazi yenyewe. Weka pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa kabla ya kugusa chochote, na uweke alama ya mahali rota ya distributa inapoelekea. Toa maji, rejeta, feni, mikanda, wota pampu, kisha puli ya kranki. Bolti ya puli ni namba 19 na inaweza kuwa ngumu sana. Gari la gia za mkono litie gia ya juu, mtu akanyage breki, ndipo uvute bomba refu.

Halafu kuna bolti moja ambayo imeharibu silinda hedi za watu. Iko juu, mbele kabisa, chini ya sproketi ya kamshafti, imezama kwenye kidimbwi cha oili. Inashuka kutoka kwenye hedi kwenda kwenye kava la cheni. Fyonza oili kwa bomba la sindano, ifute, utaona kichwa chake. Kava likikataa kutoka baada ya kulegeza kila kitu, weka nyundo chini uhesabu bolti upya.

Swali la kutoa au kutotoa hedi linategemea gasketi yake. Inawezekana kulivuta kava hedi ikiwa mahali pake, ila gasketi ya hedi inalalia juu ya kava na mdomo wake wa mbele huchanika kirahisi. Kama ni ya zamani au gari limewahi kuchemsha, toa hedi, upime ubapa wake, uweke gasketi mpya. Bolti zake hukazwa kwa hatua tatu hadi Nm 78 (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Sampu ningeishusha kwa vyovyote. Vipande vya reli ya zamani vinakwenda moja kwa moja kwenye chujio la oili pampu, na hakuna maana ya kufunga cheni mpya juu ya pampu inayokosa pumzi. Kwenye gari la 4x4 ni usumbufu, kwa kuwa difu ya mbele inaziba njia, lakini ni usumbufu wa lazima.

Kava la zamani lipitishie ukucha kwenye ukuta wa ndani. Mkwaruzo ambao ukucha haukwami ndani yake unavumilika. Mfereji hauvumiliki, usijazwe gundi ya chuma, nunua kava.

Kupangilia: ki ya kranki (kipande cha chuma kinachoishikilia sproketi) ielekee juu, pini ya kamshafti ielekee juu, viungo vya rangi kwenye cheni vilingane na alama za sproketi. Baada ya hapo zungusha kranki mizunguko miwili kamili kwa mkono. Alama za sproketi zitarudi mahali pake, ila viungo vya rangi havitarudi, na hapo wengi hushtuka wakafungua tena bure. Viungo hivyo ni vya kupangia mara ya kwanza tu. Mbele ya sproketi ya juu usisahau gia ya distributa, kisha kipande kinachosukuma pampu ya petroli, ndipo bolti, Nm 78. Puli ya kranki Nm 157. Bolti za kava zenye unene wa milimita 8 zinataka Nm 13 tu, za milimita 10 Nm 39. Ukizikaza zote sawa utakata nyuzi za zile ndogo.

Silikoni paka uzi mwembamba kwenye pembe ambapo kava linakutana na bloku, hedi na sampu. Inayozidi inaminyikia ndani, inakatika, na inaishia kwenye chujio lile lile ulilolisafisha.

Oili pampu inazungushwa na kranki kutoka mbele ya kava, kwa hiyo ukishaifungua ipake vaselini ndani, la sivyo haitavuta. Chomoa waya wa koili, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili inyanyuke, ndipo uruhusu cheche. Injini ikishapata moto rekebisha valvu: milimita 0.20 za kuingiza, 0.30 za kutolea moshi. Taiming ya cheche ifuate stika iliyo chini ya boneti, na uipime kwa taa, si kwa sikio.

Kwa mlio, injini sasa ina mvumo mdogo wa cheni ambao plastiki haikuwa nao. Unasikika boneti ikiwa wazi, ndani ya kebini hausikiki. Oili ya kwanza niliimwaga baada ya kilomita 500 na kuikata filta: kulikuwa na unga mdogo wa nailoni na hakuna chembe ya chuma. Chagua filta yenye valvu ya kuzuia oili kurudi, vinginevyo ule mlio wa asubuhi utarefuka na utailaumu seti bure.