Chumba cha Kupanga Surbiton, kwa Macho ya Mtu wa Bukavu

Anayetoka Bukavu kwenda kumtembelea ndugu yake London, akiwa amezoea kuamshwa na honi za pikipiki za Nyawera, ajue mapema kwamba Surbiton, kitongoji cha kusini-magharibi mwa London, ni mahali pa ukimya. Nilipanga chumba kwa majuma mawili katika nyumba ya matofali mekundu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni, na kwa kweli stesheni ndiyo iliyonivutia kuliko chumba. Reli ilifika mwaka 1838, ikapita kando ya mji wa kale wa Kingston, na makazi yakaota kuizunguka. Jengo jeupe la sasa, lenye mnara wa saa, ni la miaka ya 1930. Kila asubuhi watu wenye makoti husimama ukingoni mwa reli bila kusemezana, hupanda treni ya haraka, na baada ya takriban dakika 20 wako Waterloo, stesheni kubwa ya katikati ya London, muda ambao kwetu hautoshi kutoka Panzi hadi Nyawera mvua inaponyesha. Mchana mitaa hubaki kwa wazee, paka na magari yaliyoegeshwa.

Chumba kilikuwa safi, ila mwenye nyumba alizima mtambo wa joto saa nne usiku. Jioni nilitembea kando ya mto Thames, nikalikumbuka Ziwa Kivu, ingawa sikuona hata mvuvi mmoja wa sambaza. Kwa bei niliyolipa ningerudi, lakini na blanketi langu.