Kapcha kadi ya 45,000 iliyonipa kesi ya kuchakachua

Nianze na bei, maana ndiyo iliyonivuta mimi na ndiyo itakayokuvuta wewe: shilingi 45,000, Kariakoo, baada ya kuvutana kutoka 60,000. Kapcha kadi ni kifaa cha kunasa picha ya gemu na kuipeleka kwenye laptopu irekodiwe. Hii ni kiboksi cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, hakina jina la kampuni. Juu kimeandikwa "4K" kwa rangi ya dhahabu, pembeni "USB 3.0". Kina tundu la HDMI la kuingizia, tundu jingine la kutolea kwenda kwenye TV, na waya wa kuchomeka kwenye laptopu. Nimekaa nacho miezi minne, nimerekodi nacho zaidi ya saa 60, na kimenifanya niitwe tapeli mbele ya watu 30 na ushee.

Muuzaji aliniuliza kama shemeji ndiye anayecheza. Nikamwambia shemeji yako PS4, mashine yenyewe ya gemu, hajui hata inawashwa wapi.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Tabata. Mchana nashona, usiku watoto wakishalala nashika pedi. Gemu langu ni Crash Bandicoot N. Sane Trilogy, lile la 2017, na katika yale matatu yaliyomo ndani nacheza la kwanza tu. Tuna kundi, wengi wa Dar, wachache Mwanza na Arusha, wawili wako Mombasa, tunashindana nani atalimaliza kwa muda mfupi. Hela hakuna. Kuna orodha, na jina lako likikaa juu unaitwa bosi mpaka mwingine akushushe. Sharti kubwa ni video nzima, kuanzia menyu mpaka Cortex, adui wa mwisho, anapoanguka, bila kukata hata sekunde.

Hapo ndipo nilipohitaji kapcha kadi. PS4 ina kitufe chake cha Share kinachorekodi bila kifaa kingine, ila hata ukikivuta mpaka mwisho kinaishia dakika 60, na mimi kasi yangu ni saa 1 na dakika kadhaa. Wenye kasi kuliko mimi hawana shida hii. Wasio na kasi ndio tunaonunua viboksi.

Siku ya kwanza niliona giza. TV inaonyesha, laptopu nyeusi tii. Nilibadilisha waya mara mbili, nikampigia muuzaji, akasema nizime niwashe. Kumbe PS4 inafunga picha yake isinakiliwe, ni lazima uingie kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, uondoe tiki ya HDCP, ndicho kifuli chenyewe. Kwenye boksi hilo halijaandikwa popote. Na ukishaiondoa, programu za filamu kama Netflix zinagoma kufunguka mpaka uirudishe, kwa hiyo nyumbani kwangu kila Jumapili jioni kuna kelele ya "Mama umezima nini tena?"

Baada ya hapo picha ilitoka nzuri, sikatai. Rangi zimefifia kidogo, kama kitenge kilichofuliwa mara mbili tatu, lakini unaona kila kitu. Ile "4K" ni maneno ya boksi. Inapokea 4K na kuipitisha kwenda kwenye TV, ila kinachorekodiwa hakizidi 1080p, ubora wa chini ya 4K, tena fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 zinazofuatana. Ukitaka fremu 60 unashuka zaidi, mpaka 720p. Na hiyo "USB 3.0" ni plagi iliyopakwa bluu tu, nilipoangalia kwenye laptopu inajitambulisha kama USB 2.0. Nimesoma baadaye kwamba viboksi vingi vya bei hii vina chipu ileile, MS2109, na vyote tabia zao zinafanana. Kwa mtu wa kawaida hayo yote yanavumilika, na hata mimi nilivumilia.

Sasa kesi. Mwezi wa pili wa kukitumia nilimaliza kwa saa 1, dakika 7 na sekunde 21. Nafasi ya pili. Nilituma video saa 7 usiku, nikalala nikiwa na furaha ya kijinga. Asubuhi nakata suruali za shule, simu inalia mfululizo. Kijana aliyekuwa wa pili, ambaye sasa nimemfanya wa tatu, ameweka kipande cha sekunde 4 kutoka kwenye video yangu. Dakika ya 47 na sekunde 12, hatua ya The High Road.

Kama hujawahi kuicheza, hiyo ndiyo hatua inayofukuza watu. Ni daraja la mbao juu ya ukungu, mbao nyingine zimeoza, nyingine zinateleza, na nguruwe wanakuja mbele yako. Wenye kasi tunaruka juu ya kamba ya pembeni na kuikimbia hiyohiyo kamba. Ukipeleka kidole vibaya kidogo umeenda chini. Sasa kwenye video yangu Crash, mhusika ninayemchezesha, yuko kwenye kamba, mara ghafla kafika mbele, na muziki umekatika "tk" hivi kisha ukaendelea. Chini yake kijana kaandika: "Hapa dada yetu alianguka, akarudia, akaunga video."

Niliangalia kile kipande mara 20. Na nikiwa mkweli, ningekuwa ni mimi ninayeangalia video ya mtu mwingine, ningesema ameunga.

Kazi yangu ni mishono. Mshono mzuri kwa nje hauonekani, ukitaka kuujua unaigeuza nguo. Video nayo inageuzwa kwa sauti. Msimamizi wetu mmoja, mtu mpole sana, aliichukua sauti yangu akaiweka kwenye Audacity, ile programu inayochora sauti kama picha ya rangi. Mahali palipokatwa panatokea mstari uliosimama wima, mwembamba kama umechanwa na wembe. Yangu ilikuwa na mistari 9. Akaniandikia pembeni: "Dada, mmoja ningesema bahati mbaya. Tisa nifanyeje?"

Sikumlaumu. Wanaosimamia mambo haya wameshaumwa na nyoka, wakiona ukamba wanashtuka. Mwezi Aprili 2018, Twin Galaxies, ambao wanatunza rekodi za gemu, walizifuta rekodi za Billy Mitchell, mchezaji maarufu wa Marekani, za Donkey Kong, gemu la kale la mashine kubwa za kulipia. Kisa ni kwamba kwenye kanda zake, namna kioo kinavyojichora wakati hatua moja inapisha nyingine haikufanana na mashine halisi, ilifanana na MAME, programu inayoiga mashine hizo kwenye kompyuta. Ni kitu cha kupepesa jicho tu, watu walikuwa wameziangalia kanda zile miaka na miaka. Mitchell alikana, akaenda mahakamani, na Januari 2024 walimalizana nje ya kesi, rekodi zikarudishwa kwenye kumbukumbu ya kihistoria. Halafu kuna Dream, mchezaji maarufu wa YouTube anayecheza gemu la Minecraft. Yeye video zake za Oktoba 2020 hazikuwa na mahali hata pamoja palipoungwa. Wasimamizi wakahesabu bahati: alipobadilishana vitu na viumbe wa gemu mara 262 alipata lulu, kitu kinachohitajika kumaliza gemu, mara 42, wakati kawaida hazifiki hata 5 kwa kila 100, viumbe 305 aliowaua, 211 wamedondosha fimbo, nayo inahitajika, wakati inatakiwa nusu kwa nusu. Mwezi Mei mwaka uliofuata akakiri kwamba gemu lake lilikuwa na nyongeza iliyobadilisha hizo bahati, akisema hakujua wakati huo kwamba ilikuwa inafanya kazi. Nguo nzima, ila kitambaa chenyewe feki.

Kwa hiyo mimi na mistari yangu tisa, nani angeniamini? Nikawaambia nilikuwa na maisha 19 kabla ya daraja na 19 baada ya daraja, na ukianguka unapoteza moja. Kijana akajibu kwamba anayeweza kuunga video hashindwi kuunga namba. Ni kweli pia.

Nilichofanya, na hapa ndipo tathmini yenyewe ilipo, nilikaa Jumamosi nzima nikakipima kiboksi. Nilisimamisha simu kwenye stendi ya pete, ile ninayopigia picha magauni, ikarekodi TV na mikono yangu. Kiboksi kikarekodi kilekile ninachocheza. Saa nzima. Kisha nikaweka video mbili sambamba. Mpaka dakika ya 33 zinakwenda sawa kabisa. Dakika ya 33 na kitu, kiboksi kinaruka mara ya kwanza. Simu hairuki. Baada ya hapo kinaruka kila baada ya dakika mbili, tatu, na kadiri muda unavyokwenda ndivyo mruko unavyokuwa mkubwa. Sauti nayo inaanza kuchelewa: Crash ameshatua, kishindo kinakuja nyuma yake kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Nilikigusa. Huwezi kukishika zaidi ya sekunde tatu. Kinachemka kama pasi, na kikichemka kinadondosha fremu. Ubaya ni kwamba OBS, programu ninayorekodia, kwenye takwimu zake inaonyesha fremu zilizopotea ni sifuri, kwa sababu zinapotelea ndani ya kiboksi, kabla hazijaifikia. Yaani unarekodi ukiwa na amani, namba zote kijani, na kitambaa kimeshaliwa na panya.

Jumapili nikajaribu tena kwa kukilaza juu ya bamba la chuma la cherehani, na feni ya mezani ikikipulizia. Mruko wa kwanza ulikuja dakika ya 51. Kwa hiyo ni joto, hakuna uchawi. Pia nilipima ile "tk" ya daraja: muziki ulipoteza kipande kilekile kilichopotezwa na picha, kisha ukaendelea palepale ulipotakiwa kuwa. Ningekuwa nimeanguka nikarudia, wimbo usingeangukia sehemu hiyo.

Nilituma kila kitu kwa msimamizi, video mbili na picha ya kiboksi juu ya bamba. Alichukua siku tatu. Akasema anaamini sikuunga, na alisema hivyo mbele ya wote, namshukuru. Ila muda wangu akauweka kwenye orodha ya pembeni, "haujathibitishwa", kwa sababu sheria inataka video isiyo na pengo na yangu ina mapengo tisa, haijalishi nani kayatoboa. Nilikasirika wiki nzima. Kijana wa tatu akarudi wa pili. Aliniandikia "samahani dada, ilikuwa ni mambo ya gemu tu", na mimi nikamtumia kile kidole gumba, ambacho kila mtu anajua maana yake.

Dukani nilirudi na boksi lake na risiti. Nilielezwa kwamba mzigo ukishafunguliwa haurudi, na kwamba labda laptopu yangu "haina nguvu". Nikawaomba wakichomeke kwenye yao dakika 40. Yule kijana akaangalia saa, akaangalia foleni, akanipa punguzo la waya wa HDMI. Waya ni mzuri, hilo nakubali.

Kama unataka kitu cha kurekodi mechi moja ya mpira, dakika 15 za kutamba kwa washikaji, au kuunganisha kamera kwenye laptopu ufundishe darasa la mtandaoni, chukua, kwa 45,000 hakuna cha kulinganisha nacho. Usilipe zaidi ya hapo, na usilipe hata shilingi mia kwa ajili ya hiyo "4K". Kama utarekodi kitu ambacho mtu mwingine atakikagua kwa jicho la wivu, kikimbie. Ukikosa namna, kipulizie feni, na kila siku weka simu nyuma yako irekodi TV na mikono, tangu menyu. Wachezaji wa PUBG kwenye simu wanafanya hivyo siku zote, wakituhumiwa wanatoa video ya mikono yao. Mimi nilikuwa nawacheka.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ya picha, moja ya waya.

Kwa sasa kiboksi kipo kwenye droo ya bobini. Mtu wa kwaya ya mtaani kwetu amekiulizia kwa ajili ya kamera yao. Nimemwambia ibada yao inachukua saa tatu, aje na feni. Muda mpya niliorekodi kwa simu peke yake ni saa 1, dakika 9 na sekunde 40, umethibitishwa, nafasi ya nne. Nilianguka kwenye daraja mara mbili, na zote zinaonekana.