Uzoefu wangu: mwalimu wa yoga aliyeng'ang'ania visigino

Kwanza niwape haki yao wenye studio hii ya yoga. Chumba ni kisafi, mikeka haitelezi, feni zinafanya kazi. Kama umeshaizoea yoga na mwili wako unakunjika utakavyo, pengine utapapenda. Mimi nilijiandikisha darasa la wanaoanza, nikalipia vipindi vyote kwa mkupuo, na yaliyonikuta kwenye mkao mmoja tu ndiyo yananifanya niandike.

Mkao wenyewe ni Adho Mukha Svanasana, ule wa mbwa anayejinyoosha: viganja na miguu sakafuni, makalio juu. Ni mkao wa msingi, na pale tunaurudia kila baada ya dakika chache. Maana yake ukifundishwa vibaya, unaumizwa kila baada ya dakika chache.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa kitini tangu asubuhi hadi magharibi. Misuli ya nyuma ya mapaja yangu imekaza, na nilimwambia mwalimu hivyo mapema kabisa. Yeye ana neno moja: "Visigino chini!" Anapita kati ya mikeka akiangalia visigino vya watu. Mgongo umepinda, sawa. Mabega yamepanda hadi masikioni, sawa. Kisigino kikiwa hewani, hapo ndipo anasimama.

Siku hiyo, ilikuwa kabla ya Ramadhani, akasimama kwangu. "Mama, visigino." Nikamjibu kwa adabu, "Mwalimu, nyuma ya mapaja panavuta, na uzito wote umekuja mikononi." Akasema, tena kwa sauti ya kusikiwa na chumba kizima, "Wenzako wote wanaweza. Usiudekeze mwili." Kisha, bila kuniomba ruhusa, akaniwekea viganja kiunoni akasukuma. Nikasikia maumivu makali kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kwa siku kadhaa nilishindwa kushika mkasi sawasawa, na mkono huo ndio unaolisha watoto wangu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jambo lenyewe linaeleweka. Misuli ya nyuma ya paja imeshikamana na mifupa ya makalio, ile tunayoikalia, ikashuka mpaka chini ya goti. Ikiwa imekaza na ukalazimisha goti linyooke, inaivuta nyonga chini, mgongo unajikunja, na mzigo unahamia mbele kwenye mabega na mikono. Mtu wa namna hiyo anatakiwa akunje magoti, aurefushe mgongo kwanza, na visigino vibaki juu hata mwaka mzima. Nguo ikivuta kwapani, fundi hapigi pasi pindo.

Na mlangoni wamebandika bango la mtindo wa Iyengar! B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga aliyeuanzisha mtindo huo na kufariki mwaka 2014 huko Pune, India, utotoni alikuwa dhaifu, akaugua malaria, taifodi na kifua kikuu. Huyo ndiye aliyewazoesha watu kutumia matofali ya mbao, mikanda, viti na kamba ili hata mgonjwa, mzee na mwenye mwili mgumu aingie kwenye mkao bila kuumia. Chumba kile hakina tofali hata moja. Mkanda hakuna. Kiti kilichopo ni cha mwalimu kuwekea simu. Sasa hilo bango ni la nini?

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia msiende kabisa. Ila lazima niseme na hili. Kuna jioni mwalimu huyo hakuja, akashika darasa mama mmoja wa makamo, mpole, nywele zina mvi. Hakutupeleka sakafuni kwanza. Alituambia tuweke viganja ukutani usawa wa nyonga, turudi nyuma hadi mgongo ulale sambamba na sakafu, tusikie mbavu zinavyorefuka. Ndipo tukashuka mkekani. "Tanua vidole. Bonyeza shina la kidole cha shahada na la gumba, usiuachie mzigo ukingo wa nje wa kiganja." Alipofika kwangu aliuliza, "Dada, naweza kukugusa?" Akanikunjisha magoti mpaka tumbo likakaribia mapaja, akaniambia niisukume sakafu na kuyapeleka makalio juu na nyuma, shingo niilegeze. Mkono haukuuma. Haukuuma kabisa! Nilikaa pale nikivuta pumzi zangu taratibu, machozi yakanilenga, kwa sababu nilijua sasa kuwa mwili wangu haukuwa na kasoro yoyote ya kunizuia.

Kwa hiyo nikasema moyoni, hapa panafaa, nimtafute huyu mama. Nikaenda mapokezi kuuliza anafundisha siku gani. Wakaniambia alikuwa anashikilia tu, hana ratiba. Nikaeleza habari ya mkono wangu. Msimamizi akatoka ndani, hakunipa hata pole, akasema, "Mama, yoga ina maumivu yake, na pesa ikishalipwa hairudi. Kama darasa ni gumu, tunaweza kukuhamishia la wazee." La wazee! Mtu amelipa afundishwe, ameumizwa na mwalimu wenu, halafu anaambiwa tatizo ni umri wake.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya yule mama. Kila nikikumbuka maneno ya msimamizi naziondoa. Ni moja. Na kama wewe kazi yako ni ya mikono, fundi, msusi, mpishi, mtu wa kompyuta, usiingie darasa lile mpaka usikie yule mama amepewa ratiba yake. Akipewa, nenda hata kesho, nami nitakuja.

Mwenye studio, risiti yangu mnayo. Hela ya vipindi vilivyobaki bado naidai.