Kaunta buku ya Q3: daftari linalomfaa mwandishi mwenye shughuli nyingi

Madaftari ya jalada gumu tunayoyaita kaunta buku yamezoeleka mno mikononi mwa wanafunzi wa sekondari na wenye maduka, hata ni nadra kumsikia mtu akiyatathmini kama chombo cha mwandishi. Nimeona yanastahili tathmini hiyo kwa sababu, miongoni mwa vyote nilivyovitumia kuandikia hadithi, yaani simu, kompyuta mpakato na vijitabu vya mfukoni, ni kaunta buku pekee iliyoweza kwenda sambamba na maisha ya mwalimu mwenye vipindi tangu asubuhi, kazi za kusahihisha jioni na watoto wanaosubiri chakula. Karatasi yake ni ya kawaida tu. Sifa yake kubwa ni kwamba humwezesha mtu kuandika kidogo kidogo bila kukata tamaa.

Nyingi huwa za ukubwa wa A4, na unene huandikwa jaladani: Q2 ina kurasa 192, Q3 kurasa 288 na Q4 kurasa 384. Bei hupishana kati ya duka na duka, lakini hata Q3 hupatikana Dar es Salaam kwa chini ya shilingi 10,000. Mimi hutumia Q3. Kwa mwandiko wangu ukurasa mmoja hubeba maneno kama 250, kwa hiyo daftari likijaa linakuwa na maneno yapatayo 72,000, ambayo ni riwaya kamili, tena si fupi. Anayejaza nusu ukurasa kwa siku atalimaliza kwa mwaka mmoja na miezi saba hivi, na nusu ukurasa ni kazi inayowezekana kati ya kengele ya kipindi kimoja na kingine, au kwenye benchi la kliniki kabla jina la mtoto halijaitwa. Hesabu hiyo imenipa subira kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa, kwa kuwa subira ya mwandishi huisha upesi pale asipoona kazi yake inasogea, na hapa unaiona kwa macho: kurasa zilizoandikwa hutuna na kukakamaa kwa mkandamizo wa kalamu, ilhali zile zinazosubiri hubaki bapa na laini, na mpaka kati ya sehemu hizo mbili husogea kila wiki.

Shaaban Robert aliingia kazini kama karani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kuajiriwa katika ofisi mbalimbali za serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30, na sehemu kubwa ya mashairi na nathari tunayoisoma leo aliitunga katika miaka hiyo hiyo ya utumishi. Humkumbuka kila ninaposikia mtu akisema ataanza kuandika akishastaafu.

Kuhusu ilhamu, daftari hili lina sehemu ambayo kila aliyesoma shule zetu anaijua, nayo ni kurasa za nyuma. Mwanafunzi hufanyia hapo mahesabu ya haraka na kuchora anachotaka, akijua kwamba mwalimu hatasahihisha. Nimeuendeleza utaratibu huo: mbele naandika hadithi, kisha naligeuza daftari juu chini na kuanza upya kutoka nyuma kwa ajili ya yale ninayoyasikia na kuyaona njiani. Jioni moja kituoni Mwenge mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya alisema kwenye simu, kwa sauti ya upole kabisa, “Mwambie nimemsamehe, lakini lile sufuria alirudishe.” Niliiandika sentensi hiyo nyuma ya daftari na kuiacha hapo kwa muda mrefu, hadi siku nilipokuwa nimekwama katikati ya hadithi ya mawifi wawili waliogombana, nikafunua kurasa za nyuma na kukuta kwamba ugomvi wao ulikuwa umekosa kitu cha kushikika, yaani sufuria. Ilhamu ya namna hiyo haihitaji utulivu wa ufukweni. Inahitaji mahali pa kuihifadhi siku inapopita, na inahitaji mahali hapo pawe ndani ya daftari lile lile lenye hadithi, ili mikono ipakute bila kutafuta.

Simu ingeweza kufanya kazi hiyo, na wapo waandishi wazuri wanaoitumia. Kwangu mimi tatizo ni kwamba simu ndiyo hiyo hiyo inayoleta ujumbe wa kundi la wazazi, michango ya harusi na maagizo ya mkuu wa shule. Daftari halimwiti mtu. Tena lina ukatili wenye manufaa, kwa sababu sentensi iliyokatwa hubaki ikisomeka chini ya mstari, na mara kadhaa nimeirudia na kuona kwamba ilikuwa bora kuliko ile niliyoiweka badala yake.

Kasoro zake ni za kweli. Q3 ni nzito begani, hasa kwa anayesimama kwenye daladala akiwa na mfuko wa sokoni. Kalamu za wino wa majimaji huvuja hadi upande wa pili, hivyo ni afadhali kutumia bolpeni ya kawaida. Hakuna nakala ya akiba: mvua moja ya masika ikiingia kwenye begi, kazi ya miezi imekwenda, na ndiyo maana kila Jumapili hupiga picha kurasa za wiki nzima. Kisha kuna kazi ya kuchapa upya kila kitu kwenye kompyuta, ambayo inachosha, ingawa naihesabu kuwa ndiyo rasimu ya pili na sijutii muda huo.

Kaunta buku zote hazikutengenezwa sawa, na jalada zuri halikuhakikishii chochote. Kabla ya kulipa, lifungue daftari katikati ya kitita kimoja cha karatasi na utazame kama kuna uzi. Yaliyoshonwa hustahimili kufunguliwa kila siku, lakini yaliyogundishwa kwa gundi tupu huanza kuachia karatasi kabla hujafika nusu. Lilaze wazi juu ya kaunta ya muuzaji, na kama linajifunga lenyewe, liache, kwa sababu mwenye mtoto mkono mmoja hana mkono wa pili wa kulishikilia. Anayeandikia nyumbani au ofisini achukue Q3. Anayeandikia safarini Q2 itamtosha, na akiimaliza atanunua nyingine.