Nyigu wa kwenye fisha bodi: kopo la dawa, fundi wa mchana na kijana wa usiku (Tabora)

Naandika hii kwa sababu nilipokua natafuta mtu wa kunitolea nyigu hapa Ipuli niliishia kuchekwa tu, watu wa Tabora bwana, ukiwaambia una wadudu wanaouma kwenye nyumba wanakuuliza utatugawia asali lini. Sasa hawa sio nyuki. Nyigu hana cha kukupa, ana kile kiuno ambacho watu wanawasifia nacho wadada na ana mwiba, basi.

Nyumba yangu ina fisha bodi za mbao upande wa mbele, zile mbao zinazoziba ukingo wa paa, na chini ya ile fisha bodi ndo kulikua na kiota kikubwa kama sahani ya chai, kinaning'inia kwa kikonyo kimoja chembamba. Viwili vingine vidogo, kimoja juu ya dirisha la jikoni na kingine kwenye bomba la umeme pale mita inapokaa, kwaiyo hata kuingiza tokeni ya luku ilikua unaenda kwa kuinama kama mwizi. Nilikua nawaona tangu mvua za mwezi wa 11 zianze ila kilikua kidogo nikasema hawa watahama wenyewe. Hawakuhama. Kila siku unawaona wanakuja kwenye ule uzio wangu wa mabanzi wanakwangua, unasikia kabisa kra kra kra, nilikua sijui wanafanya nini kumbe wanatafuna mbao wanachanganya na mate ndo wanajengea. Yaani mabanzi yangu ndo nyumba yao.

Ningeendelea kuvumilia ila mwezi wa 12 akaja mama mkwe kutoka Nzega. Akatandikiwa mkeka pale pale upenuni kwenye kivuli, na mtoto wa jirani naye siku hiyo akaona ndo siku nzuri ya kurusha jiwe. Mama mkwe kachomwa mara tatu, sikio, shingo na mkono, na nadhani ni nyigu mmoja yule yule, maana nyuki akikuchoma mwiba unabaki mwilini na yeye anakufa, nyigu anachomoa anarudia. Sasa hapo nifikirie mimi. Mkwe wangu yule, kumwangalia tu usoni ni kazi, leo natakiwa nimtoe nyigu kwenye kitenge. Nilibaki nazunguka pale kama kuku napiga kelele "mama simama mama kaa" mpaka mke wangu akatoka jikoni. Tukamwekea maji ya baridi, mama wa nyumba ya pili akaja na kitunguu akampaka, sijui kama kilisaidia, akanywa kidonge cha setrizini, ile dawa ya mzio. Sikio lilivimba siku mbili. Tulikua tunamwangalia pumzi maana kuna watu miili yao inakataa sumu ya hawa wadudu, akianza kuvimba midomo au koo au kupumua kwa shida hapo sio habari ya vitunguu tena, ni kukimbia hospitali muda huo huo. Mama alikua sawa. Ila aliondoka siku mbili kabla ya siku aliyopanga na hakusema kwanini, na mimi sikuuliza.

Nikaanza na njia ya kila mtu, kopo la dawa ya mbu na mende, duka moja la pale mjini, 8,500. Nimenunua mawili. Tatizo la hili kopo sio kwamba haliui, linaua, ila limetengenezwa kwa ajili ya mbu chumbani, linatoa moshi moshi tu haufiki mbali, wewe inabidi usogee mpaka karibu mita moja na kiota kiko juu, kwaiyo umepanda stuli, umeinua mkono, upepo unakurudishia dawa machoni, na nyigu hafi hapo hapo, anakua na dakika zake kadhaa za hasira kabla ya kuanguka. Nilichomwa mbili kwenye kidole nikaruka kutoka kwenye stuli, kopo la pili likabaki nusu na mpaka leo liko juu ya kabati. Kwenye video za Marekani unaona wana makopo maalum ya nyigu yanayorusha dawa kama bomba la maji mita 6 na zaidi, mtu kasimama kule anapiga. Nimeulizia maduka ya pembejeo manne hapa mjini, hakuna. Muuza duka mmoja akaniambia chukua petroli na njiti. Ndugu, fisha bodi ni mbao, juu ni silingi bodi, niunguze nyumba kwa sababu ya nyigu?

Basi nikapewa namba ya fundi wa fumigesheni, simtaji, wala sio lengo. Alikuja saa saba mchana jua linawaka na bomba la mgongoni, akapuliza kama anapuliza pamba, dakika kumi kamaliza, 25,000 akasepa. Hakuuliza kitu chochote, kuku walikua wanatembea pale chini, ndoo ya maji ya kunywa iko wazi, mimi ndo nakimbia kufunika. Walioanguka walianguka kama kumi na tano hivi nikafurahi nikawapiga na picha. Saa kumi na moja jioni naona wanarudi mmoja mmoja. Kumbe mchana nusu ya ukoo wako porini wanatafuta chakula, umewapiga waliobaki kulea watoto tu. Na kiota alikiacha juu na majana, yaani watoto wa nyigu, ndani yake yamezibwa vizuri kabisa. Baada ya wiki moja ni kama hakuna mtu aliyekuja. Nikampigia akasema "bosi hiyo ni dozi ya pili sasa", yaani nilipe tena.

Hapo ndo mzee wa jirani, ana mizinga miwili ya magome kwenye mwembe wake nyuma ya nyumba yangu, asubuhi nimeenda kumwamkia mwangaluka akaniambia mwanangu, ile dawa uliyopuliza juzi imeniulia nyuki, njoo uone. Kweli chini ya mwembe kulikua na nyuki wengi tu wamelala. Niliona aibu. Nikamwomba radhi, na yeye ndo akanielekeza kwa huyu kijana, alisoma chuo cha ufugaji nyuki hapa hapa Tabora na pembeni anafanya kazi ya kuhamisha nyuki na kutoa nyigu kwenye majumba.

Huyu sasa ndo nataka nimwelezee vizuri maana ndo huduma ninayoisifia. Kwanza alikataa kuja mchana. Akasema nitakuja saa moja na nusu usiku, na taa zote za nje zizimwe. Ni kwamba giza likiingia wote wamerudi, wamejikunyata juu ya sega, na kale kabaridi kanawafanya wazito, hawaruki ovyo. Alikuja kavaa ile nguo yao ya kurinia asali yenye chandarua usoni, glavu, na tochi kaifunga karatasi nyekundu kwa mbele, nikamuuliza ya nini akasema nyekundu hawaioni vizuri, ukiwasha tochi nyeupe watafuata mwanga na mwanga uko mkononi mwako. Mimi nilikua nimeshasimama pale na tochi ya simu inawaka, nikaizima taratibu.

Akauliza maswali ambayo yule wa kwanza hakuuliza: una samaki, maana hizi dawa za jamii ya pareto zinaua samaki vibaya sana, una kuku, maji yako yako wapi, jirani ana mizinga upande gani. Alafu akatoa chupa ya kupulizia, ile ya kawaida ya saluni, ndani yake maji na sabuni ya kuoshea vyombo basi. Nikasema hapa nimeliwa tena. Vile viota viwili vidogo vyote aliviua kwa sabuni, nimeshuhudia kwa macho yangu, analowesha kiota chote mfululizo, nyigu wanadondoka kama punje na hawaamki. Maji peke yake yanateleza mwilini mwao, sabuni ndo inafanya yashike na kuingia kwenye vile vitundu vidogo vya pembeni wanavyopumulia. Bei ya sabuni ile nadhani haifiki buku. Kile kikubwa ndo alitumia dawa, na kidogo tu, alipuliza kwa karibu moja kwa moja kwenye sega, hakuogesha ukuta mzima. Na alinikataza kumponda nyigu aliyeanguka pale karibu, anasema harufu yake inaamsha wenzake. Nilikua nimeshainua kandambili.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi akarudi, hii ndo sehemu niliyoipenda zaidi, akapanda akavitoa viota vyote kwa mkono, akakwangua na vile vikonyo mpaka mbao ikawa safi, akapaka grisi pale palipokua na kikonyo. Kile kikubwa alinipa nikishike, chepesi kama karatasi, na kweli ni karatasi, ile rangi ya kijivu ndo mabanzi yangu yale. Kafumua akanionyesha majana, meupe manono. Akaniambia wakubwa wenyewe wanakunywa vitu vitamu, ila hawa watoto wanalishwa nyama, na nyama yenyewe ni viwavi. Nina mahindi mistari sita pale nyuma na mwaka huu kwa kweli viwavi wamekua wachache, nilidhani ni ile majivu ninayomwaga.

Kuna vile vinyumba vya udongo kwenye kona ya baraza, nikamwambia na hivi pia utoe. Akagoma. Anasema huyu wa udongo anaishi peke yake, hana ukoo wa kuulinda, anakamata buibui anawafungia humo kwa ajili ya mtoto wake, ukimwacha hana habari na wewe. Angeweza kunichaji hata elfu tano pale na mimi ningelipa bila kuuliza.

Alinichaji 40,000 kwa vyote vitatu. Ukijumlisha na makopo na yule wa mchana imenitoka 82,000 na ningeanza na huyu ningebaki na 42,000 yangu, inauma ukiwaza. Kwa wenye kiota kidogo cha ukubwa wa kisosi na kiko chini unapofikia, jaribu sabuni usiku na mikono mirefu na kitambaa usoni, mlango uwe wazi nyuma yako wa kukimbilia. Kikiwa kikubwa, au kiko juu unahitaji ngazi, au nyumbani kuna mtu mwenye historia ya kuvimba akichomwa, lipa tu mtu.

Mapungufu yake nayo niyaseme. Tulipanga Jumanne akaja Alhamisi, simu haipatikani, anasema alikua Sikonge porini kwenye mizinga. Ngazi hana, nilienda kuazima kwa fundi rangi usiku ule na bodaboda, jaribu kupanda boda umebeba ngazi uone. Risiti hana. Maji ya sabuni yameacha michirizi kwenye ukuta juu ya dirisha la jikoni na rangi ilikua haina hata mwaka. Na aliahidi atarudi baada ya wiki mbili kuangalia kama kuna wanaoanza upya, hajarudi, sasa hivi ni mwezi na kitu. Nampa nne kwa tano.

Kuna mmoja ameanza kujenga kwenye simtanki kule karibu na mahindi, kakiota kama kizibo cha soda. Mke wangu anasema nikamwage sabuni leo, mimi nimemwambia pale hapiti mtu, waache wale viwavi kwanza. Ila mama mkwe kapiga simu anakuja tena mwezi wa 4, nimeanza kumtafuta kijana tangu juzi, simu haipatikani, nadhani yuko Sikonge.